Habari za Jiko la Primus

Wasomaji wangu, katika nyumba yetu ya Maneromango, uvunguni mwa kitanda cha marehemu babu, mlikuwa na mkebe wa bati wenye kutu. Ndani ya mkebe ule mlikaa kitu kizito cha shaba ya manjano, kimefungwa kitambaa, chenye tumbo la mviringo kama boga dogo. Kando yake palikuwa na vyuma vitatu vilivyopindwa, na kichwa cha shaba kilichofanana na ua. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Miaka mingi nalidhani kuwa ni taa iliyovunjika. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoambiwa kuwa lile ni jiko la safari, na ya kuwa babu, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja mpimaji wa ardhi, alipewa jiko lile kama bakshishi bwana wake alipokuwa akirudi kwao.

Nimetaka kuwaeleza habari za majiko ya namna hiyo, maana yana historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo imepita katika Uzaramo wetu. Tena nimeona kuwa watu wengi waliowahi kuyatumia, hata wakiwa wazee sana, huyataja kwa mapenzi kama mtu atajavyo baiskeli yake ya kwanza. Jambo hilo lahitaji kuelezwa, kwa kuwa jiko hilo lilikuwa ghali, lilikuwa na kelele, na asiyelijua liliweza kumwunguza nyusi.

Kwanza tukumbuke jinsi tulivyopika sisi. Jiko la Uzaramo ni mafiga matatu na kuni. Mafiga hayanunuliwi wala hayaharibiki, na chungu chochote hukaa juu yake. Zamani kuni zilikuwa karibu na nyumba; mwanamke alitoka asubuhi akarudi na tita lake kabla jua halijawa kali. Taabu ilikuwa wakati wa masika. Mvua za mwezi wa nne zikinyesha siku tatu mfululizo, kuni hulowa, moshi hujaza nyumba, na muhogo uliowekwa motoni adhuhuri huiva wakati wa magharibi. Aliyekaa nyumbani huvumilia. Lakini msafiri aliyelala hemani, mwenye njaa na nguo zimelowa, hakuwa na ghala ya kuni kavu. Kwa mtu wa namna hiyo jiko la mafuta lilikuwa rafiki mkubwa.

Mafuta ya taa yalitangulia jiko. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 yalikuwa yakiletwa Unguja na Pwani kwa merikebu, mengi yake yakitoka Marekani. Baadaye yalienea yakiwa katika mikebe ya bati yenye pembe nne, kila mkebe ukichukua galoni 4, yaani lita 18 na kitu, na mikebe miwili ikitiwa katika kasha moja la mbao. Mkebe huo ndio debe. Mafuta yalikwisha, debe likabaki, na watu wa nchi hii hawakulitupa hata moja. Tulichotea maji, tukapimia mahindi na mpunga, tukalikunjua tukaezekea paa na kufanyia milango, na mafundi wakalikata wakafanya vibatari. Hata leo mkulima husema amevuna madebe kadhaa, wala hafikiri kuwa kipimo chake kiliwekwa na wafanyabiashara wa mafuta. Kasha nalo lilikuwa kiti, kabati, au kitanda cha mtoto.

Basi mafuta yalikuwapo, lakini kuyapikia ilikuwa kazi nyingine. Majiko ya kwanza ya mafuta yalikuwa ya utambi, kama taa. Yalitoa moshi na harufu, na kuacha masizi meusi chini ya sufuria. Aliyeondoa kasoro hiyo alikuwa fundi wa kiwanda mjini Stockholm, katika nchi ya Uswidi, aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist. Mafundi wa siku zile walikuwa na taa ya moto mkali, itumiwayo kuunguza rangi kuukuu ya mbao na kuyeyusha lehemu; moto wake hutoka kwa ubavu. Lindqvist aliugeuza ule moto ukaelekea juu, akauwekea miguu na mahali pa kukalia sufuria. Maneno haya yasomwapo ni mepesi, lakini hakuna aliyeyawaza kabla yake akayafanya yakafaa. Mwaka 1892 alipata hati ya kulinda ufundi wake, akashirikiana na Johan Viktor Svenson kufungua kiwanda, na jiko likaitwa Primus, neno la Kilatini lenye maana ya “wa kwanza”. Haukupita muda, kampuni ya B. A. Hjorth ya Stockholm ikachukua kazi ya kuliuza duniani kote. Mwaka ule ule wa 1892 wamisionari wa Kidachi walianza kituo chao Kisarawe, na mwaka 1895 wakaanza kingine hapa Maneromango. Jiko na misioni, basi, ni rika moja.

Sasa nieleze lifanyavyo kazi, maana sifa yake yote imo humo. Tumbo la shaba ni tangi la mafuta. Lile la kawaida huchukua kiasi cha lita moja. Ubavuni pana pampu ndogo, na juu limesimama bomba la kupandishia mafuta, lenye kichwa cha moto mwishoni. Chini ya kichwa kuna kisahani. Mpishi hutia spiriti kidogo katika kisahani, akaiwasha, akangoja. Kungoja huku ndiko kulikowashinda wengi. Kichwa kikiisha kupata moto sana, na spiriti ikikaribia kwisha, hufunga skrubu ya hewa na kusukuma pampu. Hewa huyakandamiza mafuta, mafuta hupanda bombani, na yakifika katika kichwa cha moto hugeuka mvuke. Mvuke hutoka kwa nguvu katika tundu dogo sana, huchanganyika na hewa, na kuwaka kwa mwali wa samawati, bila moshi wala masizi. Tangu hapo kichwa hujipasha moto chenyewe, na kazi ya mpishi ni kuongeza pampu kila moto upungukapo. Akitaka kuzima, hulegeza skrubu, hewa ikatoka kwa sauti kama ya nyoka aliyekanyagwa, na moto ukafa.

Asiyekuwa na subira, akapiga pampu kabla kichwa hakijapata moto, alirushiwa mafuta mabichi yanayowaka manjano hata kufika darini. Katika nyumba ya makuti hilo halikuwa jambo la kucheka. Kwa hiyo wapishi wenye busara waliliwasha nje, kisha wakaliingiza ndani.

Sifa za Primus zilienea kwanza katika nchi ambazo hakuna hata ukuni mmoja, yaani nchi za barafu. Fridtjof Nansen, Mnorwei, alilichukua katika safari yake ya kaskazini ya miaka 1893 hadi 1896. Roald Amundsen, naye Mnorwei, alikuwa nalo alipofika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 14 Desemba 1911. Huko maji yote ni barafu, na asiyekuwa na moto hufa kwa kiu amesimama juu ya maji. Habari inishangazayo kuliko zote ni ya Msweden Andrée na wenzake wawili, ambao mwaka 1897 walipanda puto ili waruke hata Ncha ya Kaskazini, wakapotea. Miaka 33 ilipita. Mwaka 1930 mabaki yao yalikutwa katika kisiwa cha barafu, na pamoja nayo jiko lao la Primus, ambalo lilikuwa bado laweza kufanya kazi.

Mwaka 1916, wakati majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakielekea Dar es Salaam na watu wa Pwani wakichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya vita, Ernest Shackleton na wenzake watano walikuwa katika mashua ndogo kwenye bahari ya kusini, wakitafuta msaada kwa wenzao walioachwa kisiwani. Mashua iliyumba hata jiko halikuweza kusimama, ikawapasa watu kulibana kwa miguu yao wakati chakula kikipikwa. Walivuka bahari ile wakafika. Na asubuhi ya tarehe 29 Mei 1953, siku ambayo Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipanda kilele cha mlima Everest, viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda vikawa vigumu kama gogo. Naye alikaa muda wa saa mbili akivilainisha juu ya moto wa jiko la namna hii kabla hajaweza kuvivaa.

Turudi katika joto la kwetu. Maofisa, wapimaji, wawindaji na wamisionari waliosafiri katika nchi hii walikuwa na hema, kitanda cha kukunja, beseni la turubai, na mara nyingi mkebe wenye jiko ambalo miguu yake hufunguliwa ili liingie katika mzigo. Nisiseme uongo: chakula kingi cha safari kilipikwa kwa kuni juu ya mafiga, kama kwetu, kwa kuwa kuni hazikugharimu kitu na mafuta yalibebwa kichwani mwa mtu. Primus lilikuwa la chai ya alfajiri, la siku za mvua, na la maji ya kunywa, ambayo sharti yachemshwe. Babu alisema kuwa bwana wake akisikia ngurumo ya jiko hujua muda wa kuamka umefika, hata hakuhitaji kuitwa.

Kutoka hemani jiko liliingia mijini na vituoni. Makarani, walimu, na mafundi wa reli waliokaa katika vyumba vya kupanga walilipenda, maana katika chumba kimoja huwezi kuwasha kuni. Katika zahanati lilichemsha sindano na vifaa vya kukatia vidonda, kazi ambayo pengine iliokoa watu wengi kuliko safari zote za barafu nilizozitaja. Hata taa ya karabai, ambayo kila mtu wa Pwani aijua, ni ndugu yake: nayo ina tangi, ina pampu, na mafuta yake hugeuka mvuke kabla ya kuwaka, ila badala ya sufuria ina soksi inayong’aa. Kwa nuru yake wavuvi walivua dagaa usiku, na ngoma nyingi za arusi zilichezwa hata alfajiri.

Nami sasa nafika katika jambo nililotaka hasa kulieleza, yaani sababu ya mapenzi yale. Jiko la Primus lilitengenezwa ili lifunguliwe. Hakuna sehemu yake iliyofichwa. Kichwa hufunguliwa kwa spana, pampu hutolewa kwa mkono, skrubu ya hewa vilevile. Kitu cha kwanza kuchoka ndani yake ni ngozi ya pampu, kijikombe kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ngozi ikikauka, pampu haivuti; basi unaitoa, unaipaka mafuta, unaipanua kwa vidole, unairudisha. Ikiwa imekwisha kabisa, unakata nyingine katika kiatu kikuukuu. Kitu cha pili ni tundu la mvuke, ambalo huziba kwa taka za mafuta. Nalo huzibuliwa kwa waya mwembamba uliotiwa katika kipini cha bati, ambao uliuzwa dukani kwa senti chache. Tangi likivuja, fundi wa madebe hutia lehemu. Kwa hiyo fundi wa jiko hili aliweza kupatikana popote palipo na fundi wa madebe, na fundi wa madebe alikuwapo kila mahali palipo na madebe.

Mtu akiisha kukifungua chombo na kukifunga tena kikafanya kazi, chombo kile huwa chake kwa namna ambayo fedha peke yake haiwezi kukifanya kiwe chake. Babu hakuwahi kusoma darasa hata moja, lakini alijua kwa nini moto ulikuwa wa samawati na kwa nini siku nyingine ulikuwa wa manjano. Alijua kwa kusikiliza. Ngurumo ikibadilika kidogo, alisema “tundu lina taka,” akanyosha mkono kuchukua waya bila hata kuinuka.

Lakini haki itendeke. Jiko hili halikumtua mwanamke wa Maneromango tita lake la kuni. Lilikuwa la mwenye mshahara, na wenye mshahara walikuwa wachache, nao wengi wao wanaume. Bibi yangu aliishi na Primus chini ya kitanda miaka mingi, akapika juu ya mafiga siku zote hizo. Babu aliliwasha alipokuja mgeni wa heshima, au yeye mwenyewe alipotaka chai. Bibi alipoulizwa juu ya jiko lile alijibu kuwa ni zuri sana, ni kama mgeni: halifanyi kazi. Nayaandika maneno yake kwa kuwa wasifuo vitu vya zamani mara nyingi husahau kuwauliza waliokuwa jikoni.

Kushuka kwa jiko la shaba kulikuwa na sababu nyingi. Katika Ulaya gesi na umeme viliingia majumbani, na wapanda milima wakapata majiko mepesi zaidi. Mwaka 1962 kazi ya kutengeneza majiko ya Primus ya mafuta ya taa iliachwa mikononi mwa Optimus, waliokuwa washindani wake wa zamani. Kwetu yalikuja majiko ya tambi ya bati nyembamba, ya bei ndogo, yasiyohitaji spiriti wala pampu. Yaliwaka polepole na kutoa harufu, na bati lake lilitoboka baada ya miaka michache, lakini mtu wa kipato kidogo aliweza kulinunua, na hoja hiyo haina jibu. Kisha mwezi wa Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kabla ya miezi mingi kupita bei ya mafuta ghafi duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Miaka ya mwanzo ya 1980, Tanzania ilipokuwa na upungufu wa bidhaa nyingi, watu walipanga foleni na chupa zao kwa mafuta ya taa ya kibatari tu, sembuse ya kupikia. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na senti 30 kwa lita, ili kuwazuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Shabaha ilikuwa mchanganyiko ule. Lakini mpishi wa chumba kimoja Dar es Salaam naye alipigwa na jiwe lile lile.

Mpishi yule alikwenda wapi? Alikwenda kwenye mkaa. Na mkaa ulitoka wapi? Kwa sehemu ulitoka kwetu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo wazee waliijua ikiwa na giza mchana, imekatwa sana kwa ajili ya majiko ya mjini. Wataalamu waliopima nchi inayozunguka Dar es Salaam walikuta kuwa kati ya mwaka 1991 na 2005 mpaka wa uchomaji mkaa ulikuwa ukisogea mbali na mji kwa kiasi cha kilomita 2 kila mwaka. Msomaji wa Maneromango anaweza kuhesabu mwenyewe miaka mingapi ilitosha kutufikia. Tita la kuni ambalo bibi alilikata nyuma ya nyumba, wajukuu zake wamelifuata mbali. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kutaka watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati iliyo safi ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi sasa huonekana hata juu ya pikipiki katika njia za vijijini. Mtungi ni safi na hauna kelele. Lakini ukiharibika kifungio chake, hakuna mtu wa nyumbani atakayethubutu kukifungua, wala haifai athubutu.

Majiko ya zamani yenyewe hayajafa. Katika nchi nyingi kuna watu wayakusanyayo, wakayasugua hata yang’ae, wakayawasha kwa furaha tu. Watu hao hutazama herufi zilizogongwa katika shaba, kwa kuwa tangu mwaka 1911 kiwanda cha Primus kilikuwa kikiweka herufi ya mwaka, kuanzia na A. Nilipolitazama jiko la babu sikuona herufi yoyote. Mtu fulani, nami namjua ni nani, alilisugua kwa mchanga na majivu miaka mingi hata maandishi yakalainika yote.

Mwaka jana, wakati wa masika, nililitoa mkebeni. Miguu iliingia mahali pake bila taabu. Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka kama ganda la korosho, nikakata nyingine katika ulimi wa kiatu changu, nikailoweka katika mafuta ya nazi usiku kucha. Tundu lilikuwa limeziba. Nililizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Nililipeleka uani, chini ya ukingo wa paa, nikatia spiriti, nikangoja kuliko ilivyonipasa kwa hofu ya nyusi zangu, nikapiga pampu. Lilikohoa mara mbili, likatema mwali wa manjano, kisha likanguruma. Jirani mzee alisimama njiani katika mvua, akasikiliza, akamtaja babu kwa jina. Maji ya chai yalichemka kabla kuni za mafigani hazijashika moto. Mama alitoka jikoni akipangusa macho yake kwa moshi, akaitazama ile sufuria isiyo na sizi hata kidogo, akaniuliza lita moja ya mafuta nimeinunua kwa bei gani.